Kumtafutia Mama Kimya Nzilo

Dada yangu mkubwa anaishi Lubumbashi, na kwa sababu hiyo ana majibu ya matatizo yote ya Kolwezi. Siku niliyompigia simu kumwambia kwamba mama amekataa tena kusema lolote kuhusu nyumba, hakushtuka hata kidogo. Alisema shida si mama. Shida ni makelele.

"Hapo kwenu mutu atawaza namna gani? Mine, makamyo, mabuldoza! Umupeleke mama na tata kwa plaji ya Nzilo, apumzike kidogo, asikie kimya. Utaona, atajibu tu."

Nilitaka kumwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kukaa siku nzima na mama bila kujibiwa. Lakini kwa kuwa yeye ndiye angelipia hoteli, wazo lake likawa zuri papo hapo.

Upande wetu wa barabara tulikuwa tumebaki nyumba ya mwisho. Mtaa wetu ulijengwa zamani na kampuni kubwa ya migodi kwa ajili ya wafanyakazi wake, na kampuni ilipoanguka, wafanyakazi wakaachiwa nyumba kama ndugu wanavyoachiwa koti la marehemu. Baba alikuwa ameendesha mashine kwenye karyere ya Mashamba, yale mashimo makubwa ya mgodi, mpaka mashine zikakosa mafuta na yeye akakosa kazi. Nyumba ikabaki. Miaka ikapita, wakaja wawekezaji, wakapima, wakatoboa ardhi hapa na pale, wakagundua kwamba madini mazuri kuliko yote yako chini ya vitanda vyetu. Kuanzia siku hiyo tukaanza kuheshimiwa sana.

Afisa wa kampuni hii mpya alikuwa anakuja nyumbani na kizibao chake cha kung'aa, anavua kofia ngumu mlangoni, anamwita mama "mama yetu", anakunywa maji yetu na kuyasifu. Alitaka jibu, na Jumatatu ya pili kutoka hapo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Tukikubali kuhama, tungechagua wenyewe nyumba nyingine mjini, na gari lingekuja kubeba vitu vyetu. Tusipokubali, basi, "mchakato utaendelea". Hakueleza mchakato ni nini. Lakini kwa jirani mmoja mkaidi tulikuwa tumeshauona: ulikuja asubuhi ndani ya gari la polisi, ukambeba jirani huyo, bibi kizee, mikono na miguu, ukamshusha kwenye uwanda wa mbali usio na hata kisima.

Baba alikuwa amesema lake tangu mwanzo na hakulibadilisha.

"Mi nilikuwa nalalaka tu humu, kati ya kazi na kazi. Mwenye kuikala humu ni mama yenu. Yeye njo atasema."

Na mama hakusema. Ukimwuliza habari ya nyumba, anakuuliza kama umekula. Ukirudia swali, anakumbuka kwamba sombe, mboga yake ya majani ya muhogo, iko motoni. Mimi ni mwalimu, nimezoea kuuliza watu wasiojibu, lakini darasani angalau kengele inalia, kila mtu anaenda kwake. Hapa kengele ilikuwa Jumatatu, na nilikuwa naogopa. Naomba nieleweke: niliogopa kweli. Nilipokuwa mtoto, majirani zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa mjini kwa nyimbo na mawe, na mama alinishika mkono tukawapelekea bukari, ugali wetu, pale kituoni, walipokuwa wamelala juu ya mizigo yao wakingoja treni isiyofika. Najua mtu anavyokuwa akishatolewa nyumbani kwake. Wale walifukuzwa kwa matusi, sisi tulikuwa tunafukuzwa kwa adabu. Baba alisema hayo ndiyo maendeleo.

Basi nikaanza kutafuta kimya kwa simu.

Hoteli ya kwanza, msichana wa mapokezi aliniapia.

"Hapa hakuna makelele, mama. Hata muziki tunafunga mapema."

"Na ile ninasikia nyuma yako?" Kulikuwa na kitu kinasaga chuma, hata sauti yake ilikuwa inakuja vipande vipande.

"Ile? Ile ni kazi tu, mama."

Hapo nikatambua kazi niliyojitwisha. Mtu wa Kolwezi akisema makelele anafikiria baa, anafikiria wale wanaokesha wakiombea mtaa mzima kwa vipaza sauti, anafikiria mume na mke wanaogombana dirisha likiwa wazi. Mashine haimo. Mashine inayonguruma maana yake kuna mtu amepata mshahara. Miaka ile kampuni ilipokuwa inaanguka, king'ora cha zamu kilinyamaza, malori yakasimama, na mtaa mzima ukawa kimya kama kanisa siku ya kazi. Baada ya kimya ikaja njaa. Mama alikuwa halali. Alikuwa anakaa kitandani anasikiliza. Sasa watoto wa kizazi kile ndio wanaopokea simu hotelini, nawe unawauliza, kwa sauti ya malalamiko, kama karibu yao kuna ujenzi. Wanajibu kwa fahari.

"Tunajenga, mama! Mukifika mutaona, itakuwa muzuri sana!"

Hoteli nyingine walinipa chumba cha nyuma, mbali na mafundi, kilichopakana na karakana ya magari. Nyingine ilikuwa na kimya cha hakika: simu ilipokelewa na mlinzi, akaniambia hoteli imefungwa tangu wenye nayo walipogombana, lakini nikitaka naweza kuja kuangalia ziwa.

Nikaona simu hazinisaidii. Nikaamua kufanya kama mtu mwenye akili, kwenda mwenyewe kukagua kabla ya kulipa. Nikapanda teksi ya pikipiki mpaka ziwani Nzilo, nikazunguka hoteli moja nzuri yenye viti vya buluu na mchanga mweupe, nikasimama katikati ya ua nikafumba macho. Kimya. Ndege wawili watatu, maji, basi. Nikachukua vyumba viwili palepale, nikarudi mjini kifua mbele. Nilikuwa nimeenda kukagua siku ya Jumapili.

Tulifika Ijumaa. Baba alishuka garini akatazama ule ufuo wanaouita plaji, akatazama maji.

"Plaji ya nini? Hii ni maji ya barrage. Hii maji njo ilikuwa inaleta kura kwa mashine yangu."

Alisema kweli; kura kwake ni umeme. Nzilo ni bwawa la umeme. Ziwa lote lile lilitengenezwa ili migodi isilale gizani. Hoteli yetu iliyokuwa karibu na bwawa la umeme ilikuwa inatumia jenereta. Mchanga mweupe uliletwa kwa lori. Mama, ambaye niliambiwa nimpeleke apumzike, alikuwa amefungasha unga, sufuria na mkaa wa kutosha kulisha msiba, na msichana wa mapokezi alichukua muda kumshawishi kwamba humo ndani kuna mpishi.

Tulipokuwa tunabishana kuhusu mkaa, nyundo ikaanza. Si nyundo ya mkono. Ilikuwa ile ya mashine, imefungwa mbele ya mkono wa chuma, inapiga mwamba mpaka meno yako yanagongana. Nikazunguka jengo mbio. Hatua chache kutoka ziwani palikuwa na shimo kubwa, na ndani ya shimo mashine ya njano inatwanga jiwe. Hoteli yenye ziwa zima mlangoni ilikuwa inachimba bwawa la kuogelea.

"Bageni banaogopa maji ya ziwa," msichana alinieleza kwa upole. "Banapenda piscine."

Nilimwita meneja, nikamwaga yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia nilikuja mwenyewe, nikasimama hapa, nikafumba macho. Meneja alinisikiliza mikono nyuma kama mfiwa, kisha akanipa pamba ya masikio. Nilipoikataa pamba, akafikiri, akaja na dawa kubwa zaidi: atatuhamishia vyumba vya upande wa jenereta.

"Mukiwa karibu na jenereta, mama, ile nyundo hamutaisikia kabisa."

Nilikuwa natafuta jibu la kumfaa, nikageuka kuwaonyesha wazazi wangu wanaoteseka. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha buluu, kitenge magotini, kinywa wazi, amelala. Alilala usingizi ambao nyumbani sikuwa nimeuona kwa miezi mingi. Baba alikuwa amebeba kiti chake, amekizungusha, amelipa ziwa mgongo. Alikuwa anatazama shimo.

"Ule kijana hajue kazi," aliniambia bila kugeuza kichwa. "Anapiga jiwe katikati. Jiwe banalianzaka kwa pembeni."

Basi Ijumaa hiyo na kesho yake zikaenda hivyo. Watu wa mbali, wale wa Kinshasa na wageni wenye kofia za majani, walipita mapokezini kulalamika, nami nikawa natangulia. Wazazi wangu walikuwa wateja walioridhika kuliko wote hotelini. Baba alipatana na dereva wa mashine, akawa anampa ishara kwa mkono kutoka kwenye kiti. Mama alilala, akala samaki, akalala. Jumamosi asubuhi, kwenye kifungua kinywa, nilipiga moyo konde.

"Mama, Jumatatu ule bwana atakuja. Tumuambie nini?"

"Ukule yai yako, inapoa."

Nilikula yai. Nilikuwa na hasira na mama, na dada yangu, na yule aliyewaambia wazungu waogope maji ya ziwa. Nilihesabu ndani ya kichwa kila nitakachosema polisi wakifika: mama ni mzee, mumshike taratibu, viatu vyake ni hivi hapa. Machozi yakaanza kunitoka juu ya mkate, nikasingizia pilipili.

Mchana, meneja alipita mlango kwa mlango na tabasamu la mtu anayeleta ankara. Jiwe lilikuwa limeishinda nyundo. Walikuwa wameita mafundi wa baruti kutoka mjini, wangelipua kidogo, kidogo sana. Wageni wabaki vyumbani mwao au washuke ufuoni, wasiogope. Nilimwuliza kama kwenye picha za hoteli hiyo baruti imo. Akaniambia hilo nalo ni jambo la mara moja tu.

Kisha honi ya lori ikalia, ndefu, mara tatu.

Mama akafumbua macho. Aliinuka, akaingia chumbani, akafungua madirisha yote. Baba naye akaacha kiti chake, akamfuata. Nilipofika mlangoni, televisheni ya hoteli ilikuwa tayari imelazwa kitandani juu ya mto, na baba alikuwa anafungua misumari ya kioo cha ukutani kwa kisu cha siagi.

"Baba! Kioo ni cha hoteli!"

"Kama kikipasuka njo kitakuwa chetu," alisema, na akaendelea.

Lazima nieleze, kwa wale ambao hawakukulia pembeni ya mgodi. Mtaani kwetu, king'ora cha baruti, ambayo sisi tunaiita mine, kikilia alasiri, unafungua madirisha ili vioo visipasuke. Unashusha kioo cha ukutani na picha ya Bikira Maria, unavilaza kitandani. Unaepua sufuria. Halafu unatoka nje, unasimama katikati ya lupango, yaani uwanja wa nyumba, mbali na ukuta, kwa sababu kuta zetu zina nyufa za kupitisha mkono. Na kwa kuwa kila mtu anatoka saa ileile, mtaa mzima unasimama nje kwa pamoja, kila mmoja nyuma ya ua wake wa miti, wakingoja. Kungoja bila kusema ni adabu mbaya. Basi watu wanasalimiana juu ya miti. Hapo ndipo mama alipopata habari zote, alipoazima chumvi, alipopatana na mama wa ng'ambo, jirani wa upande wa pili wa miti, baada ya ugomvi wa kuku. Mimi mwenyewe nilichumbiwa hapo, ingawa haikufika mbali. Baruti ikishalia watu wanaagana, kila mtu anarudi kupandisha sufuria yake.

Sasa mama na baba wakatoka, wakasimama kwenye nyasi za hoteli, hatua chache kutoka ukutani, wanatazama mbele. Wageni wa Kinshasa walikuwa wanakimbilia ufuoni, wengine wamejifunika taulo kichwani. Niliona haya. Nilikuwa naenda kuwashika mkono niwarudishe ndani, mlango wa mwisho ukafunguka. Akatoka mama mmoja wa makamo, amekumbatia kioo cha chumba chake, amekifunga kwa shuka. Nyuma yake mume wake, na redio. Kutoka jikoni akatoka mpishi na sufuria inayotoa moshi, akaiweka chini kwenye nyasi, akasimama kando yake. Hakuna aliyemtazama mwenzake kwa mshangao. Kila mmoja alisimama mbele ya mlango wake.

Mama akageuza kichwa.

"Jambo, mama."

"Jambo, mama! Mulishinda?"

"Tulishinda. Batoto?"

"Bote bako. Na kwenu?"

"Tuko. Ile samaki ya leo uliionaje?"

"Chumvi mingi," yule mama alisema, na mpishi akacheka, akajitetea, na maneno yakaenda. Mama huyo alikuwa wa upande wa Mutoshi, kwenye mgodi mwingine. Watoto wake nao walikuwa wamemleta apumzike. Meneja akaja mbio akipunga mikono, anawasihi warudi ndani, ni kidogo tu, ni kidogo tu. Walimsalimia naye.

Baruti ikalia. Ilikuwa ndogo kweli. Maji ya ziwa yalitetemeka kidogo, kokoto mbili tatu zikaanguka kwenye bati, basi.

"Ile njo mine?" mama wa Mutoshi akauliza. "Ile imekohoa tu."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akashika kiuno, mpaka akanishika bega asianguke. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomsikia hivyo kabla ya siku ile. Kisha wakaagana vizuri, kila mmoja na mlango wake, na baba akaingia ndani kurudisha kioo ukutani. Mama akabaki amesimama kwenye nyasi. Nilikuwa nimechoka kuuliza.

"Uambie ule bwana wa kizibao tutatoka," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya baruti. Nikamwuliza kama ni kwa ajili ya makelele, kama dada alivyosema.

"Makelele gani?" Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mzee. Kisha akashusha sauti, macho yake yakiwa kwenye mlango wa chumba chao.

"Tangu mama wa ng'ambo alihama, mine ikikaribia kupiga, mi ninatoka njee, ninasema jambo. Ni mazoea. Nyumba yake balishabomoa, kunabaki tu ile miti ya lupango, lakini kinywa kinasema chenyewe. Siku moja nikasikia mutu anaitika kule nyuma ya miti. 'Jambo, mama, mulishinda?' Na kasauti kadogo, sawa ya mama wa ng'ambo. Nikawaza nimekuwa mupumbafu. Nikachungulia. Ni baba yako."

Nikageuka nami kuutazama ule mlango.

"Anazunguka kwa njia, anapita mu mabomoko, anasimama pale kwenye ule mama alikuwa anasimamaka. Baba yako, na ile sauti yake ya mu karyere! Kila siku anaenda. Ananiuliza batoto, ananiuliza nimepika nini. Ile mwezi aliumia goti, alitudanganya eti ameteleza mu bafu. Mi nilisikia matofali wakati ilimuangukia." Akafunga kitenge chake upya, akakaza. "Nikibakia pale, ataniitikia mpaka ukuta umuue."

Baba akatoka chumbani, kisu cha siagi mkononi, akituambia kioo kimekaa upande lakini hoteli yenyewe imekaa upande. Mama akamgeukia. Walikuwa wamesimama mahali pa wazi, hakuna miti kati yao.

"Jambo, tata," mama akasema. "Mulishinda?"

Baba akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Akaweka kisu mfukoni. Halafu akaitika, kwa sauti yake mwenyewe.